Deni Bila Daftari: Uhakiki wa Mikopo ya Elimu ya Juu Uganda kwa Jicho la Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Tangu shule ya sekondari tumefundishwa methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu huieleza kama onyo kwa mwenye duka: andika ulichouza, andika uliyemkopesha, la sivyo mtaji utayeyuka. Katika makala haya nauliza swali la upande wa pili. Je, na deni lisiloandikwa hupotea bila habari? Ninavyoona, halipotei. Hubaki, hukua, na mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakulikopa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Kampala, nasomea ualimu wa Kiswahili. Kwa hesabu za serikali sidaiwi hata shilingi moja. Jina langu halimo katika orodha ya waliokopeshwa fedha za masomo, kwa sababu kozi yangu si ya sayansi. Mtu akizisoma takwimu za mikopo ya elimu ya juu nchini Uganda, atatuona sisi wa Kiswahili, Historia na Fasihi kama watu wepesi, tusiobeba mzigo wowote. Hoja yangu ni kwamba mzigo tunao, ila umeandikwa mahali ambapo takwimu hazifiki.

Katika somo la uhakiki tumezoea kuiuliza matini maswali: nani anasema, anasema kwa niaba ya nani, na nani amenyamazishwa? Kwa kawaida tunayauliza tukiwa na riwaya au tamthilia mkononi. Safari hii nitayauliza kuhusu maneno na kanuni za ada na mikopo. Nazo ni matini. Zina wahusika, na zina watu ambao zimeamua kutowataja.

Maneno tunayoyatumia

Nianze na neno binafsi. Katika vyuo vikuu vya umma nchini Uganda kuna mwanafunzi wa serikali na mwanafunzi wa binafsi. Wa kwanza hulipiwa na hazina ya taifa. Wa pili hujilipia, yaani hulipiwa na kwao. Wote hukaa benchi moja na kufanya mtihani mmoja, na wakifuzu huomba kazi katika shule zilezile za serikali. Hata hivyo neno binafsi limekwisha kutoa hukumu kabla ya mjadala kuanza: elimu ya huyu ni shauri lake mwenyewe. Akishindwa kulipa, ni shida yake. Lakini akimaliza na kupelekwa kufundisha watoto wa Karamoja au Kasese, hakuna anayemwita tena mwalimu wa binafsi. Gharama inabaki ya nyumba moja, matunda yanakuwa ya taifa zima.

Neno la pili ni bumu. Wazee waliosoma Makerere kabla ya miaka ya 1990 hulitaja kwa tabasamu. Ilikuwa posho waliyopewa na serikali kwa matumizi yao madogomadogo, juu ya masomo, chumba na chakula ambavyo havikulipiwa na mzazi. Kizazi changu hapa Kampala hakina kitu cha kukiita kwa jina hilo. Tanzania, kwa upande mwingine, neno hili liko hai. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Dodoma akikwambia bumu limetoka, ana maana fedha za kujikimu kutoka kwenye mkopo wake zimeingia. Kwa wazee wetu bumu lilikuwa posho isiyorudishwa. Kwa jirani zetu wa leo ni fedha ya kurudishwa. Ukitaka kujua elimu ya juu ya Afrika Mashariki imepita wapi katika nusu karne, lifuate neno hilo lenye silabi mbili.

Neno la tatu ni mnufaika. Ndilo jina ambalo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Tanzania humwita mtu aliyekopeshwa. Ni neno la Kiswahili sanifu na lina adabu. Ila lina kasoro moja: linatazama siku ya kupokea tu. Aliyepokea fedha leo na atakayekatwa mshahara kwa miaka mingi ni mtu mmoja, lakini jina lake rasmi limechukuliwa kutoka siku ya furaha. Wahenga walikuwa wakweli zaidi waliposema kukopa harusi, kulipa matanga. Ndani ya methali hiyo mwanzo na mwisho wa mkopo vimo pamoja.

Kiswahili kina pia mdai na mdaiwa. Maneno haya mawili yana faida kwa mhakiki, kwa sababu yanamlazimu msemaji ataje pande zote mbili. Ukisema nadaiwa, utaulizwa mara moja, na nani? Nitalirudia swali hilo nitakapofika nyumbani kwetu.

Tulikotoka

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikawa chuo chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, aliyepata nafasi alisoma kwa gharama ya serikali. Waliopata nafasi walikuwa wachache mno, na hilo tusilisahau tunapousifu wakati ule. Elimu ilikuwa ya bure kwa walioingia. Walio wengi hawakufika hata langoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali, ikiwa na hazina iliyochoka na wafadhili waliotaka matumizi ya umma yapunguzwe, ilianza kuziondoa posho. Wanafunzi waligoma. Desemba 1990 wanafunzi wawili wa Makerere walipigwa risasi na kufa katika maandamano hayo. Nalitaja tukio hili kwa sababu mjadala wa ada nchini mwetu mara nyingi husimuliwa kama jambo la wahasibu. Mwanzo wake una damu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo kilianza kupokea wanafunzi wa kulipa, wengi wao katika masomo ya jioni. Mahmood Mamdani ameichambua miaka hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2007, Scholars in the Marketplace. Anatenganisha mambo mawili. La kwanza ni kubinafsisha, yaani kuwaruhusu wanaolipa waingie. La pili ni kufanya biashara, yaani kuiacha mitaala yenyewe ifuate soko, hadi idara zikabuni kozi za kuvutia wateja. Kwa maoni yake, la pili ndilo lililokibomoa chuo kutoka ndani.

Kitabu hiki kina jambo ambalo wanafunzi wa sanaa tungepaswa kulijua vizuri zaidi. Katika miaka hiyo, vitivo vilivyoingiza wanafunzi wengi wa kulipa havikuwa vya sayansi. Sanaa ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele, na ada za wanafunzi wake zilisaidia kukiendesha chuo ambacho hazina ilikuwa imekipa kisogo. Leo tunaambiwa kwamba kozi hizohizo hazina soko. Soko lilipotaka ada zetu, tulikuwa wateja wema. Ilipofika zamu ya kutukopesha, tukawa hatari isiyofaa kuwekewa fedha.

Uhakiki wangu kwa Mamdani ni mmoja. Macho yake yako ndani ya chuo: vitivo, mabaraza, mgawanyo wa mapato kati ya idara na utawala. Anaeleza kwa makini fedha za wanafunzi wa kulipa zilikwenda wapi zilipokwisha kuingia. Zilitoka wapi kabla ya kufika dirisha la benki, hilo silo lililokuwa swali lake. Naamini historia ya pili bado inasubiri kuandikwa, na itaandikwa Busia, Masaka na Arua, katika nyumba zilizouza kitu.

Kabla ya kuondoka katika historia, nitaje mwaka 2019. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Makerere, wanafunzi wa kike wakiwa mstari wa mbele, waliandamana kupinga sera ya kupandisha ada kwa asilimia 15 kila mwaka kwa miaka mitano. Wanajeshi waliingia mabwenini, na jina la Bweni la Lumumba likasikika nchi nzima. Wengi walishangaa: kelele zote hizi kwa asilimia 15? Lakini sera ilisema nyongeza juu ya nyongeza. Chukua ada ya shilingi 100. Mwaka wa kwanza inakuwa 115, wa pili 132, wa tatu 152, wa nne 175, na wa tano 201. Asilimia 15 ni jina la upole la kuzidisha kwa mbili. Wanafunzi wale walikuwa wamesoma sentensi hadi mwisho.

Mkopo na mipaka yake

Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Bodi ya Kugharimia Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na wanafunzi wa kwanza walikopeshwa katika mwaka wa masomo wa 2014/2015. Lilikuwa jambo jema. Serikali huwalipia wanafunzi takribani 4,000 tu kila mwaka katika vyuo vikuu vyote vya umma, na wengi wao ni wa sayansi. Mkopo ulikuja kwa ajili ya mtoto wa maskini aliyefaulu lakini hakufikia alama za juu kabisa.

Sasa tuisome kanuni kama matini. Mkopo hulipia ada ya masomo na baadhi ya ada za huduma, na kwa mwanafunzi mwenye ulemavu vifaa anavyohitaji. Haulipii chumba wala chakula. Msomaji anayeishi Kampala anajua maana yake. Chumba kimoja chenye choo cha pamoja, katika mtaa ambao mvua ikinyesha maji huingia mlangoni, kinaweza kula fedha nyingi kuliko ada yenyewe kwa muhula. Kanuni inamwona mwanafunzi anapokuwa darasani. Akitoka kwenda kula, haimwoni tena.

Mpaka wa pili ndio unaotuhusu zaidi. Tangu mwanzo mkopo umeelekezwa kwenye kozi za sayansi na teknolojia. Wanafunzi wenye ulemavu wamefunguliwa mlango katika kozi za sanaa na jamii. Wengine wote wa kozi hizo wako nje. Mwanafunzi anayesomea ualimu wa Biolojia anaweza kuomba. Mwenzake anayesomea ualimu wa Kiswahili, mwenye alama zilezile na umaskini uleule, fomu hiyo haimhusu.

Weka sasa kanuni hiyo kando ya matini nyingine za serikali hiyohiyo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikiweka Kiswahili kati ya masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe lazima katika shule za msingi na sekondari. Kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana za Siku ya Kiswahili Duniani, na viongozi hutuambia taifa linatuhitaji.

Matini hizi haziwezi kuwa za kweli zote kwa pamoja. Somo la lazima linahitaji mwalimu, na mwalimu anahitaji kusoma. Serikali inayosema kila mtoto wa Uganda ajifunze Kiswahili, kisha ikasema elimu ya mwalimu wa Kiswahili ni shauri binafsi la mama yake, imempa yule mama kazi ya kutekeleza sera ya taifa bila kumwambia.

Daftari la nyumbani

Kwetu ni Busia, upande wa Uganda. Mama huuza dagaa sokoni, wale ambao kwetu huitwa mukene na ng'ambo ya mpaka huitwa omena. Ada yangu ya masomo ni shilingi 1,200,000 kwa muhula, mbali na ada za huduma, chumba na chakula. Kwa mihula sita ni shilingi 7,200,000.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani na daftari jipya. Nilikuwa nimeanza kuyawazia makala haya na nilitaka kujua ninadaiwa kiasi gani. Nilimwomba Mama anitajie kila kitu.

Mwanzoni alicheka. "Mwanangu, mtoto hadaiwi kwao." Nilimsihi, akakubali kutaja, lakini hakuacha kuchambua dagaa. Ng'ombe wawili waliouzwa nilipoingia mwaka wa kwanza: shilingi 2,400,000. Fedha alizokopa mara mbili katika chama cha akina mama cha kuweka na kukopa: shilingi 800,000, mbali na riba ya shilingi 5 kwa kila 100 kwa mwezi. Robo eka iliyowekwa rehani kwa jirani: shilingi 1,500,000. Jumla ni shilingi 4,700,000, karibu theluthi mbili ya ada ya miaka mitatu.

Deni la shamba lilinifundisha jambo. Jirani hatozi riba ya fedha. Analima ile robo eka mpaka siku tutakapomrudishia fedha zake. Kila mwaka anavuna mahindi misimu miwili. Kwa hiyo riba yetu ni mahindi, na Mama hununua unga sokoni akiwa na shamba lake mwenyewe hatua 50 kutoka mlangoni. Riba ya namna hiyo hakuna benki wala wizara inayoihesabu.

Halafu kuna Mjomba. Yeye ni dereva wa bodaboda. Nimepokea fedha zake kwa simu mara nyingi, elfu 20, elfu 50, na mara moja laki mbili. Ile ya laki mbili ilikuja siku ambayo nilikuwa nimekaa nje ya chumba cha mtihani kwa sababu ada yangu haikuwa imekamilika, nikisikia wenzangu wakigeuza karatasi ndani. Nilipomuuliza Mjomba kwa simu jumla ni kiasi gani, alikasirika kabisa. "Unataka kunilipa unifukuze?" aliniuliza. Nilielewa. Kulipa deni lote ni kukata uhusiano, na yeye alitaka uhusiano. Sikuandika kitu kwenye mstari wake.

Nilidhani tumemaliza. Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu akimsaidia Mama, hajasema neno tangu mwanzo. Yeye alimaliza kidato cha nne mwaka niliposubiri kuingia chuo, na alifaulu. Tuliambiana kwamba atasubiri mwaka mmoja, nikae sawa kwanza, kisha ataendelea na kidato cha tano. Mwaka mmoja umekuwa mitatu. Sasa ana meza yake ya dagaa sokoni, pembeni ya ile ya Mama. Alilitazama daftari langu, akauliza, bila hasira, "Mimi umeniandika wapi?"

Sikuwa nimemwandika. Tena naweza kusema zaidi: sikuwa nimefikiri kwamba anapaswa kuandikwa. Mhakiki aliyekuja nyumbani na kalamu kutafuta walionyamazishwa alikuwa amemruka aliyekaa kando yake.

Hapa ndipo linaporudi lile swali la mdai na mdaiwa. Dawa ya deni kulipa, husema wahenga. Dawa hiyo inafanya kazi pale unapomjua mdai na unapoijua jumla. Jirani nitamlipa, atarudisha shamba. Chama kitalipwa. Lakini miaka mitatu ya mdogo wangu nitamlipaje? Nikipata kazi nitamsomesha, kila mtu nyumbani anasema hivyo. Atakuwa na umri gani? Na fedha za kumsomesha zitatoka kwenye mshahara upi, nikiwa bado namlipa jirani?

Nimewauliza wenzangu darasani, bila kufanya utafiti rasmi, tukiwa tunangoja mhadhara. Karibu kila mmoja alinyamaza kidogo, kisha akataja mtu, na wengi walimtaja msichana. Sitaki kujenga nadharia juu ya mazungumzo ya nje ya darasa. Nasema tu kwamba swali hili halimo katika fomu yoyote niliyowahi kuiona, na linastahili mtafiti.

Ng'ambo ya mpaka

Nina binamu upande wa pili wa Busia, ule wa Kenya. Ukisimama sokoni unaweza kuliona paa lao. Naye anasomea ualimu wa Kiswahili, katika chuo kikuu cha Kenya, na ana mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Kozi yake haikuwa kikwazo. Tunasoma vitabu vilevile na tunaazimana madaftari. Yeye anadaiwa na nchi yake. Mimi nadaiwa na nyumba yangu.

Sina nia ya kumwonea wivu kupita kiasi, maana deni lenye daftari lina meno. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayechelewa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi. Vijana wasio na kazi wameona majina yao yakiharibiwa katika taasisi za taarifa za mikopo. Mfumo mpya ulioletwa mwaka 2023, wa kuwagawa wanafunzi kwa makundi ya uwezo, ulizua malalamiko mengi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba.

Tanzania nayo ina masomo yake. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa, makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Juu ya hayo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ambayo iliyafanya madeni yakue huku watu wakilipa. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta. Natoa mfano huu kwa sababu una maana kubwa kwa hoja yangu. Tozo ile ilifutwa kwa kuwa ilikuwa imeandikwa. Watu waliiona katika taarifa zao, wakailalamikia kwa jina, na kiongozi akaifuta kwa jina. Riba ya mahindi ya jirani yetu hakuna Mei Mosi itakayoifuta.

Pingamizi

Najua nitaulizwa: je, unaomba tuongezewe deni? Hata rafiki yangu wa chumbani aliniuliza hivyo, akasema mimi ni mtu wa kwanza kumsikia akidai haki ya kudaiwa. Pingamizi hili ni zito, na lina ushahidi. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, wakati mwenzake wa sanaa alibaki karibu na milioni 1. Walimu waligoma Juni mwaka huo, na pengo lilibaki. Mwalimu wa Kiswahili akikopa sawa na wa Fizikia, atalipa kwa robo ya mshahara. Mkopo mtupu, bila kuangalia anayetoka nao anakwenda wapi, unaweza kuwa mtego.

Pingamizi la pili ni kwamba fedha hazitoshi, na nchi inahitaji kwanza madaktari na wahandisi. Sibishani na uhitaji huo. Ninachobishana nacho ni wazo kwamba kozi isiyokopeshwa haina gharama kwa taifa. Gharama ipo. Ilichukuliwa Busia, kwenye ng'ombe wawili, robo eka na msichana mmoja aliyefaulu kidato cha nne.

Kwa hiyo ombi langu lina masharti. Kwanza, kozi za ualimu wa masomo ambayo serikali yenyewe imeyafanya ya lazima, Kiswahili kikiwamo, ziingizwe katika mkopo. Pili, marejesho yawe sehemu ndogo ya mshahara anaopata mtu kweli, na asiye na kazi asitozwe. Tatu, kila mwaka mwalimu anaofundisha somo hilo katika shule ya serikali upunguze deni lake, kwa kuwa anatekeleza sera ya taifa. Sioni katika haya jambo lolote la ajabu. Ni kulihamisha deni kutoka mahali lisipoonekana hadi mahali linapoweza kuandikwa, kujadiliwa na siku moja kusamehewa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda ana deni, ingawa hesabu rasmi hazimtaji. Maneno tunayoyatumia yanasaidia kulificha: binafsi linamwachia mzigo, na ukimya wa kanuni unaufuta usionekane. Kwa wahadhiri wetu nina ombi dogo. Mnatufundisha kuuliza nani amenyamazishwa katika riwaya. Turuhusuni tuulize pia katika risiti za ada, na tufanye hivyo kwa Kiswahili, lugha ambayo Mama na mdogo wangu wanaweza kuisoma na kutusahihisha.

Daftari langu bado ninalo hapa Kampala. Ukurasa wa kwanza nimeuandika upya. Mstari wa juu kabisa, kabla ya ng'ombe na shamba, lipo jina la mdogo wangu, na mbele yake, pale panapotakiwa kuwa na shilingi, nimeandika: kidato cha tano na cha sita. Nilimpigia simu kumwambia. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Andika na tarehe." Ana haki. Deni lisilo na tarehe ni ahadi tu. Bado sijaiandika, kwa sababu tarehe hiyo haiko mikononi mwangu peke yangu.